Ukienda Majengo, Chukua Kitabu cha Upelelezi

Karibu kila mji wa Afrika ya Mashariki una Majengo yake. Mombasa wanayo, Moshi wanayo, Mbeya na Songea vilevile, na Nairobi wanayo kule Pumwani. Jina hilo, ndugu msomaji, aghalabu lina kisa kinachofanana. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa kwa rangi za watu: Mzungu akatengewa penye nafasi na kivuli, Mhindi akapewa barabara ya maduka, na Mwafrika akaonyeshwa uwanja mtupu, akaambiwa ajijengee mwenyewe. Dodoma haikuuficha ushahidi wa jambo hilo. Hata leo watu wake husema Uzunguni, husema Uhindini na husema Majengo, na mgeni mwenye macho ya kipelelezi huweza kuisoma historia ya mji mzima katika majina hayo matatu kabla hajamwuliza mtu njia.

Leo nataka twende pamoja katika mtaa huo wa Majengo, lakini tusiende mikono mitupu. Tuchukue vitabu, tena vya aina moja: riwaya za upelelezi na mauaji, zile ambazo mzazi humnyang'anya mwanawe kwa hasira kisha akajifungia chumbani kuzisoma yeye. Nina sababu mbili za kuchagua mtaa huu. Ya kwanza ni kwamba baraza la nyumba ya Majengo, jioni upepo ukishatulia, ni mahali pazuri pa kusomea kuliko maktaba nyingi. Ya pili ni nzito zaidi, nami nitaifikia tukishaingia uani.

Wasafiri wa zamani walijua thamani ya vitabu hivi. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Wajerumani wakiielekeza Tabora na Kigoma, na kwa miaka mingi safari ya treni kutoka Dar es Salaam ilikuwa ya kulala njiani. Abiria wa daraja la tatu, aliyebanwa kati ya kapu la samaki wakavu na mtoto wa jirani, hakuwa na starehe isipokuwa mazungumzo au kitabu. Riwaya fupi ilimtosha kabisa. Akiianza treni inapopita Pugu, maiti ilikuwa imekwisha patikana kabla ya Morogoro, na akifika Gulwe alikuwa na majina mawili ya watu anaowashuku. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya huenda Dodoma kwa saa nne hivi au pungufu. Hayo ni maendeleo makubwa, wala sina la kulalamika. Ila msomaji wa polepole atashuka stesheni muuaji bado hajajulikana. Basi amalizie Majengo.

Kutoka katikati ya mji hadi soko la Majengo ni mwendo wa miguu tu. Utakuta mazao ya nchi kavu: uwele, mtama, karanga, alizeti, ubuyu, mlenda uliokaushwa, kuku wa kienyeji waliofungwa miguu wakimtazama kila apitaye kwa shaka, na zabibu msimu wake ukiwadia. Dodoma ni nchi ya mvua chache. Mvua huja msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na miezi mingine mwenye mji ni upepo, na vumbi lake huketi juu ya kila kitu: juu ya mizani, juu ya kofia ya mzee auzaye tumbaku, juu ya vitabu. Mpelelezi angelipenda vumbi hilo, kwa kuwa nyayo hukaa juu yake zikasomeka. Lakini akina mama wa Majengo huamka alfajiri na kufagia ua hadi mlangoni, na ushahidi wote wa usiku huishia katika ufagio.

Sasa tuingie ndani. Nyumba ya Kiswahili unaijua: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, na nyuma ua wenye jiko, bomba na choo. Kila chumba kina ukoo wake, na kila ukoo una kufuli lake. Watu wanaoishi hivyo hujuana mno. Wanajua nani amepokea mshahara, nani amerudi usiku wa manane, nani amepika nyama katikati ya wiki. Nyumba ya namna hiyo haina siri, na hapohapo imejaa siri tupu.

Chukua mfano wa kubuni. Mama lishe wa chumba cha tatu amepokea zamu yake ya upatu. Fedha ameziweka chini ya godoro. Siku ya pili hazipo. Hakuna aliyevunja mlango, kufuli ni zima, dirisha lina nondo. Unadhani kitafuata nini? Kwanza atatazamwa kijana wa chumba cha tano, kwa kuwa hana kazi. Kisha yatasikika maneno ya chini juu ya bibi kizee wa chumba cha mwisho, mjane asiye na mtoto, mwenye macho mekundu. Mtu ataapa kwamba alimwona akizungumza peke yake penye bomba. Kabla ya jua kuchwa wapangaji watakuwa wamechanga nauli ya kwenda kwa mganga kupiga ramli, na mganga, ambaye riziki yake ni kutaja jina, atataja jina.

Mwisho wa ramli za namna hiyo tumeuona katika nchi yetu, wala si hadithi ya kuchekesha. Wazee wengi, hasa wanawake wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko walilopikia watoto wao na wajukuu wao maisha yote. Wenzetu wenye ualbino wamewindwa kwa maneno ya waganga hao hao, hata Serikali mwezi Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji mtu amtuhumuye mwenzake kwa uchawi. Lakini sheria haimfikii mpangaji usiku ule anapochanga nauli.

Hapa ndipo ninapotaka umfahamu Bwana Msa, ikiwa hujamfahamu. Bwana Msa angeingia katika ua huo, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akawasha kiko chake, na kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Ni nani aliyejua kwamba zamu ya upatu ilikuwa ya mama huyu? Kufuli hilo lilinunuliwa wapi, na lilikuja na funguo ngapi? Ni nani aliyekuwa na deni ambalo leo amelilipa? Bibi wa macho mekundu asingemshughulisha hata kidogo, isipokuwa kumwuliza alimwona nani, maana mtu ambaye hakuna anayemjali ndiye aonaye mengi.

Mwandishi aliyemzaa Bwana Msa ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kushika kalamu ya uandishi wa habari alifanya kazi katika idara ya afya akiwa mkaguzi, na mimi huamini kwamba kazi ile ilimfundisha mengi. Mkaguzi wa afya ni mtu aingiaye nyua za watu kutazama yale ambayo wenyewe wasingependa yatazamwe. Baadaye alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na tangu mwaka 1958 wa gazeti la Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi yaliyofanywa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, nayo ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1960. Wataalamu wengi huihesabu kuwa ndiyo riwaya ya kwanza ya upelelezi kwa Kiswahili.

Kisa chenyewe kinaanza na kifo. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa ameuawa mahali penye mzimu, pale ambapo watu wa kijiji walizoea kupeleka sadaka na nadhiri zao. Mahali penyewe panatisha, wakati wenyewe unatisha, na kila mwenye hofu ana jibu tayari: wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa na rafiki yake Najum wanaingia hapo. Sitakuambia nani aliyeua, maana kufanya hivyo ni wizi mbaya kuliko ule wa fedha za upatu. Nitakuambia tu kwamba Bwana Msa hakubali mzimu uitwe shahidi. Damu, kwake yeye, imemwagwa na mkono, na mkono una mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na sababu.

Wako wanaosema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Hawakukosea sana. Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle alitokea kitabuni mara ya kwanza mwaka 1887, naye ana kiko na ana rafiki wa kustaajabu kila akifumbua jambo. Na kabla yake Mmarekani Edgar Allan Poe alikuwa amekwisha fungua njia mwaka 1841. Lakini soma vizuri uone tofauti. Holmes huokota majivu ya sigara na kuchunguza matope ya viatu. Bwana Msa hutafuta ukoo. Nani mtoto wa nani, nani aliolewa kwa siri, nani aliachwa akiwa na mimba, urithi ule ulikuwa uende kwa nani. Mafumbo yake hufumbuliwa kwa nasaba, kama wazee wanavyofumbua mgogoro wa shamba. Katika London ya Holmes mtu anaweza kukaa chumba kimoja miaka kumi bila kumjua jirani. Katika Unguja ya Bwana Msa kila mtu ni shangazi wa mtu, na hatari inatoka humo humo. Ndiyo maana nasema msomaji wa Majengo atamwelewa haraka.

Baada ya Mzimu kuna Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, Duniani Kuna Watu cha 1973, Siri ya Sifuri cha 1974, Mke Mmoja Waume Watatu cha 1975, Mwana wa Yungi Hulewa cha 1976, na mwisho Kosa la Bwana Msa kilichotoka mwaka 1984. Mwandishi alifariki mwaka 1991. Kwa maoni yangu anza na Mzimu, uendelee na Kisima cha Giningi, ambacho kwa mara nyingine kinalichukua jina la kutisha katika imani za Wazanzibari na kulipeleka mbele ya akili. Kisha soma Duniani Kuna Watu, ambacho jina lake peke yake lingetosha kuandikwa juu ya mlango wa nyumba yoyote ya kupanga. Nikuonye jambo moja: Kiswahili chake ni cha Unguja, kimejaa misemo na utani, na sentensi zake hazina haraka. Mtu wa bara aliyezoea lugha ya kunyooka atajikwaa kurasa kumi za kwanza. Avumilie. Nina lalamiko moja pia: mara nyingine Bwana Msa hutoa mfukoni, mwishoni, jambo ambalo msomaji hakupata nafasi ya kuliona. Si haki, lakini humsamehe mtu mcheshi kiasi kile.

Tutoke kidogo mtaani, maana Dodoma yenyewe ina mambo mawili ambayo msomaji wa vitabu vya mauaji hapaswi kuyapita bila kutazama. Hapa ndipo lilipo Gereza Kuu la Isanga. Na hapa ndipo ilipo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa wakati wa Waingereza, pamoja na taasisi yake ya Isanga ambako hupelekwa watu waliofanya makosa ya jinai na mahakama ikaona kwamba akili zao hazikuwa sawa walipoyatenda. Mjini watu hufanya mzaha na jina la Mirembe. Mtu akikosea kuhesabu chenji huambiwa apelekwe huko. Mimi mzaha huo siupendi. Riwaya zetu nyingi humaliza kazi pale pingu zinapofunga, kana kwamba mtu huyo hutoweka pamoja na ukurasa wa mwisho. Huku Dodoma unatambua kwamba baada ya neno “mwisho” kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna miaka, na nje ya ukuta kuna mama aliyebeba kikapu anayeuliza saa za kuona wagonjwa.

Turudi vitabuni. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na kwa kitabu hicho upelelezi ukahama kutoka mashamba ya Unguja ukaingia katika jiji la Dar es Salaam. Mpelelezi si bwana wa baraza tena, ni askari wa mshahara, Inspekta Wingo. Fikiri mwaka huo simu ilikuwa kitu gani. Ilikuwa juu ya meza ya ofisi au katika nyumba ya mkubwa. Mfanyakazi wa kawaida aliipita akiitazama. Sauti isiyo na uso, inayoingia chumbani bila kubisha hodi, ilikuwa jambo la kutia baridi. Leo kila mpangaji wa Majengo ana simu mfukoni, na wahalifu hawakukawia kulitambua hilo. Ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” umewaliza watu wengi kuliko bastola zote zilizomo katika riwaya za Kiswahili. Soma Simu ya Kifo ukiwa na jambo hilo akilini. Utaona kwamba kitabu kifupi cha zaidi ya nusu karne iliyopita kimeligusa vizuri, yaani jinsi hofu inavyomfanya mtu mwenye akili atii sauti asiyoijua.

Vitabu hivi havikuenea kwa bahati. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata watu wengi waliokuwa wakiweka dole gumba wakajifunza kuandika majina yao. Mtu aliyejua kusoma juzi hawezi kuishi kwa kitabu cha kilimo bora cha pamba peke yake. Anataka kujua kitatokea nini ukurasa ujao. Wasomi wa vyuo walivikunjia uso vitabu hivi, wakaviita fasihi pendwa na kuvitenga na fasihi dhati kama vile mtu anavyotenga vyombo vya wageni. Katika lawama zao mlikuwa na ukweli. Lakini dereva, karani na mfanyakazi wa kiwandani ambao walimaliza kitabu kizima kwa mara ya kwanza maishani mwao, aghalabu kitabu hicho kilikuwa na maiti ndani yake.

Hasa kama kilikuwa cha Elvis Musiba. Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974, na ndani yake tukamjua Willy Gamba, mpelelezi wa serikali, kijana mtanashati, mwepesi wa ngumi na bastola. Sababu ya safari yake si mchezo. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963; wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walikuwa wakipita katika mitaa yetu, na maadui zao walikuwa wakiwafuata. Katika riwaya hiyo nyaraka za siri za ukombozi zinaibwa, na Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Katika Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979 anakwenda Kinshasa. Baadaye zikaja Njama, Hofu na nyingine. Msomaji kijana wa leo, aliyezaliwa baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka Afrika Kusini mwaka 1994, atajifunza humo kwamba vita ile ilipita karibu na mlango wa babu yake.

Lakini nisikufiche. Wanawake katika vitabu vya Gamba wameumbwa kwa macho ya mwanamume aliyeketi baa. Ni wazuri kupita kiasi, huvua nguo upesi, na nusu yao ni wasaliti. Pombe inanywewa kama maji ya mtungi. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tano usimpe. Mpe Mzimu wa Watu wa Kale. Kijana wa sekondari mwache asome, kisha uketi naye umwulize maswali.

Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma mwaka 1958, alikuja na Joram Kiango, mpelelezi asiyeajiriwa na mtu. Katika Tutarudi na Roho Zetu? Joram naye anapambana na makaburu, na mbio zake zinashindana na za Gamba. Hata hivyo kitabu cha Mtobwa ninachokipenda hakina Joram. Ni Dar es Salaam Usiku, cha mwaka 1990. Humo uhalifu si fumbo la kufumbuliwa. Ni njia ambayo watu maskini na watu matajiri wanakutana gizani. Mwizi ana historia, malaya ana historia, na mwenye gari la fahari ana historia mbaya kuliko wote. Hapo ndipo mwandishi wetu wa mauaji alipokaribia sana kuandika juu ya jamii kama tulivyo. Kinafaa watu wazima. Mtobwa alikuwa pia mchapishaji, akaanzisha kampuni ya Heko. Alifariki mwaka 2008, na Musiba akamfuata mwaka 2010.

Wengine nawataja kwa haraka, si kwa dharau bali kwa sababu jioni ya Majengo ni fupi: Hammie Rajab na Ufunguo wa Bandia, Eddie Ganzel na Ndoto ya Mwendawazimu, John Simbamwene na Kwa Sababu ya Pesa. Ukikuta chochote kati ya hivyo, kinunue.

Utaona kwamba katika safari yote hii tumepita Unguja, Dar es Salaam, Nairobi, Kinshasa na Afrika Kusini. Dodoma hatukuikuta. Riwaya za upelelezi zilizonipitia mikononi huipita Dodoma kama treni ya usiku ipitavyo kituo kidogo. Wala si kwamba Ugogo haukuwahi kuwa na mwandishi. Mathias Mnyampala, aliyetupa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954 na ambaye jina lake haliachani na ngonjera, alikuwa mtu wa huku, na katika maisha yake ya kazi alipata kuwa hakimu. Fikiri hakimu yule alisikiliza nini kizimbani: ng'ombe walioibwa, mahari yasiyorudishwa, ugomvi wa visima wakati wa njaa. Alifariki mwaka 1969, kabla ya Willy Gamba kuzaliwa kitabuni. Laiti angalituachia riwaya moja tu ya mahakama.

Na tangu hapo mambo ya kuandikwa yameongezeka. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyopima na kugawa viwanja hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016, na mji ukatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, ardhi ya vumbi ambayo zamani mtu aliiachia mbuzi ikawa mali. Penye mali ya ghafula pana karatasi mbili za kiwanja kimoja, pana mzee aliyetia dole gumba asipojua kusoma, pana ndugu aliyerudi kutoka mbali kudai urithi. Bwana Msa asingehitaji zaidi ya hayo. Maiti ya kwanza ingekutwa chini ya mbuyu, watu wangesema ni pepo wa mbuyu, na mjane wa macho mekundu angetazamwa na mtaa mzima. Kijana mmoja wa Majengo, mwenye daftari na subira, angeweza kukiandika kitabu hicho mwaka huu.

Sasa, vitabu vyenyewe utavipata wapi? Mzimu wa Watu wa Kale na baadhi ya riwaya za Mtobwa zimechapwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo uliza kwanza katika maduka ya vitabu. Maktaba ya Mkoa wa Dodoma ipo, na kuingia humo hakuhitaji uwe mwanafunzi. Vingine vimo mikononi mwa watu: katika masanduku ya chuma chini ya vitanda, vikiwa vimevalishwa gazeti, jina la mwenyewe likiwa limeandikwa mara tatu. Zungumza na wazee. Ukimwamkia mzee barazani na kumwuliza kama alipata kumsoma Willy Gamba, usishangae akianza kukusimulia tangu ukurasa wa kwanza.

Ukinunua cha mitumba, kikague. Vingi vilichapwa katika miaka ya uhaba wa karatasi, gundi yake ni dhaifu, na hewa kavu ya Dodoma huikausha hadi kurasa zikaanza kuanguka moja moja. Anza nyuma, uhesabu kurasa za mwisho, maana ndizo hutoka kwanza. Zikiwa pungufu muuzaji atakupunguzia bei bila ubishi. Usikubali, hata akikuapia kwamba yeye amekisoma na atakusimulia kilichobaki.